Kichwa cha faru kwenye bega la babu: ni alama ya kikosi gani?

Swali

Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Mpwapwa. Baada ya kumaliza msiba wa bibi, shangazi alifungua sanduku lake la bati, tukakuta kitambaa kidogo kilichotariziwa kichwa cha faru. Rangi zimefifia kabisa, na nyuma kina vifungo viwili vya chuma vya kubonyeza. Chini yake kulikuwa na nyota ya shaba yenye ncha sita iliyoandikwa THE BURMA STAR. Babu alifariki mimi nikiwa mdogo sana. Shangazi anasema alikuwa Keya, akaenda vitani ng'ambo, aliporudi akaendesha trekta Kongwa. Jirani yetu anashikilia kwamba hiyo ni beji ya askari wa wanyamapori. Kijana mmoja wa mjini ameahidi hela nzuri nikimuuzia. Naomba kujua: ni alama ya kikosi gani, kwa nini faru, JWTZ iliirithi au hapana, na nifanye nini nayo?

Jibu

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. La kwanza, usiuze. Nimelitanguliza kwa sababu kitu kikishatoka nyumbani hakirudi, na hiki ulichonacho kinasema habari za babu yako ambazo huenda hazijaandikwa mahali pengine popote.

Alama hiyo ni ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwanzoni mwa 1943 ndani ya jeshi la Uingereza ili kwenda Burma, ambayo leo ni Myanmar, kupigana na Wajapani. Nembo yake ilikuwa kichwa cha faru. Nyota uliyoikuta pamoja nayo inaunga mkono hilo, kwani ilitolewa kwa waliotumika katika vita ya Burma. Utepe wake, kama bado upo mahali kwenye sanduku, una rangi ya bluu iliyoiva pande mbili na nyekundu pana katikati, na ndani ya kila bluu unapita mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Nyota za vita ile Uingereza ilizitoa bila kuchora jina la mwenyewe, kwa hiyo usihangaike ukigeuza nyuma ukakuta patupu.

Jirani yako nimemwelewa. Mtu akiona faru leo anafikiria hifadhi, na hana kosa. Ila nyota na kitambaa vimekaa sanduku moja kwa zaidi ya miaka sabini, na shangazi anasema babu alikuwa Keya. Vyote vitatu vinaelekea upande mmoja.

Sasa tuweke sawa jambo linalowachanganya wengi wanaoniletea vitu vya namna hii. Askari wa wakati ule alivaa alama za aina tatu. Ya kofia ilionyesha rejimenti yake, na kwa babu yako ndiyo King's African Rifles, iliyoundwa 1902, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Tepe za mkononi zilionyesha cheo. Ya bega, ambayo ndiyo uliyonayo, ilionyesha kundi kubwa la kivita alilokuwamo: divisheni. Divisheni ni batalioni kadhaa zilizofungwa katika brigedi tatu, pamoja na wapiga mizinga, wahandisi, mafundi wa simu, madaktari, madereva na wapishi. Wote hao walivaa faru yule yule. Kwa hiyo kitambaa chako kinakwambia babu alikuwa wapi na alikuwa na nani. Cheo chake hakikioneshi, wala kama alibeba bunduki au usukani. Nimeona familia zikitunga hadithi ya ushujaa juu ya alama ya bega peke yake. Hadithi hiyo huja kuwaumiza wenyewe siku karatasi zikipatikana.

Alama za bega zenyewe si za zamani sana. Zilishika kasi kwenye Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipokuwa makubwa kiasi kwamba ofisa kwenye njia panda hakuweza kujua lori lililokwama mbele yake ni la nani. Kuandika jina la kikosi kungempa adui habari, hivyo wakachora picha. Wamarekani walifuata 1918, Divisheni yao ya 81 ilipovaa paka-mwitu begani. Amani iliporudi Waingereza waliziondoa, na mwaka 1940 wakazirudisha, zikajaa kwenye mabega, kwenye milango ya magari na kwenye vibao vya barabarani vinavyoelekeza kambi.

Pale Burma picha hizo zilikuwa nyingi. Divisheni ya 17 ya India ilivaa paka mweusi. Divisheni ya 82 ya Afrika Magharibi ilivaa mikuki miwili iliyopishana. Inayonivutia zaidi ni ya wenzao wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi: buibui mweusi, Anansi wa hadithi za Waashanti, mjanja anayewashinda wakubwa kwa akili kama sungura wetu. Walimshona kichwa kikiwa chini. Askari akisimama wima buibui alionekana anateremka, ila akiinua mkono kulenga bunduki, buibui alikuwa anakwenda mbele, kwa adui. Yule aliyebuni hilo aliufikiria mkono wa askari akiwa kazini. Na juu ya divisheni zote kulikuwa na Jeshi la 14 la Jenerali William Slim, lililokuwa na upanga uliogeuzwa ncha chini. Kanuni za nembo za Kizungu hutaka upanga uelekee juu. Slim aliuchora mwenyewe hivyo kwa sababu alijua ataichukua tena Burma akitokea kaskazini, kushuka kusini.

Kwa nini basi faru? Hapana siri kubwa. Divisheni ilitakiwa kuwa na picha ya kwao, isiyohitaji herufi, ambayo mtu aliyelala usingizi ndani ya lori ataitambua kwa mwanga wa tochi. Faru mweusi alikuwa mnyama wa nyika zote hizi, kuanzia Kenya mpaka katikati ya Tanganyika. Kijana aliyelelewa akichunga ng'ombe Ugogo miaka ya 1930 hakuhitaji kuelezwa faru ni nani, wala kwamba akikurupuka kichakani humpishi kwa kumtazama. Ngozi nene, macho yasiyoona mbali, hasira za ghafla na mwendo ambao hauzuiliki: hizo ndizo sifa ambazo wakuu wa jeshi walitaka adui azikumbuke.

Hapo nina neno langu. Nembo hiyo haikuchaguliwa na akina babu. Ilichaguliwa na jeshi la mkoloni, na imebeba jinsi mkoloni alivyomtazama Mwafrika: nguvu nyingi, akili ya kuagizwa. Askari wa Kiafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko wa Mwingereza aliyelala naye handaki moja, na njia ya kuwa ofisa kamili ilikuwa imefungwa kwake. Mtu akikuonyesha alama ile kama fahari tupu, mwambie na hilo. Akikuambia ni alama ya utumwa tu, mwambie kwamba waliivaa watu walioburuta mizinga kwenye matope kwa miezi, na wengi hawakurudi. Babu aliitunza mpaka kufa, na bibi akaitunza baada yake. Uzito huo ni wao waliouweka. Mimi naona yote mawili yasemwe kwenye familia yenu, na watoto wayasikie.

Tanganyika ilitoa takriban watu 87,000 kwa vita ile. Batalioni za Keya zilitambulishwa kwa namba, na tarakimu ya mwisho ya 6 ndiyo iliyokuwa yetu. Batalioni ya 6 ilianzishwa upya 1917, na miongoni mwa watu wake wa kwanza walikuwamo askari waliokuwa wa Mjerumani. Vita ya pili ilipopamba moto zikazaliwa ya 26, ya 36 na ya 46. Shika hili, maana litakusaidia: batalioni za 26 na 36 ndizo za Tanganyika zilizokuwa ndani ya divisheni ya faru. Ya 46 ilikwenda Burma pia, lakini chini ya Brigedi ya 28, ambayo ilijitegemea na kupigana upande wa mto Irrawaddy mwaka 1945. Ukikuta karatasi yoyote ya babu yenye 26 au 36, umempata. Ukikuta 46, rudi tuongee, kwa sababu hapo itabidi tueleze alikipataje kichwa cha faru.

Utakutana pia na maelezo yanayosema divisheni hii iliingia Addis Ababa mwaka 1941. Hayo yanachanganya mambo. Iliyoingia Addis Ababa ilikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika, nyingine kabisa ingawa namba inafanana. Inawezekana babu alikuwa Ethiopia pia, wengi walianzia huko, lakini faru begani mwake ni habari ya kuanzia 1943.

Mwaka huo divisheni ilivushwa bahari hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kujifunza vita vya msituni. Mtu wa Ugogo, anayeijua nchi kavu na mbuga zilizo wazi, alifundishwa kutembea pasipo kuona hatua kumi mbele. Safari za meli kutoka Mombasa ziliendelea hadi mwaka uliofuata, na moja iliishia vibaya mno. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli Khedive Ismail kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili au tatu. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa Rejimenti ya 301, waliokuwa wanakwenda kujiunga na divisheni hii hii. Wauguzi wa kike walikuwamo pia. Ni mmoja wa misiba mikubwa ya baharini iliyowahi kuwapata watu wa ukanda wetu, na wanafunzi wetu hawaijui hata kwa jina. Hilo linanisikitisha kila ninapolitaja.

Kazi yenyewe ilianza Agosti 1944, pale Tamu, mpakani mwa India na Burma. Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal, upande wa India, na wanarudi nyuma. Divisheni ya faru ikapewa bonde la Kabaw kuwafuata, katikati ya masika ya kule. Bonde lile lilisifika kwa malaria kuliko kwa risasi. Askari walimeza kila siku vidonge vya mepakrini, vya manjano, vichungu, vilivyogeuza hata ngozi ikawa na manjano. Barabara ilikuwa udongo unaoyeyuka. Walikata magogo wakayatandika mbele ya magurudumu, gari likapita, yakazama, wakakata mengine. Chakula na risasi vilidondoshwa kwa ndege kila mawingu yaliporuhusu. Kalemyo ilifikiwa katikati ya Novemba, Kalewa ikachukuliwa mwanzoni mwa Desemba, na kabla mwezi haujafika nusu wahandisi walikuwa wametandika daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vya kuunganishwa, juu ya mto Chindwin, la takriban mita 350. Wakati huo halikuwapo daraja refu zaidi la aina hiyo duniani. Jeshi la Slim likavuka hapo kwenda kuishika Burma ya kati. Divisheni ya faru ilikuwa imechoka na imepungua, ikarudishwa India kupumzika, na vita ikaisha kabla haijarudi mstari wa mbele.

Sasa lile la Kongwa alilosema shangazi, mimi nililisoma mara mbili. Mradi wa karanga ulianza Kongwa 1947, na uliwahitaji watu wanaojua mashine kuliko ulivyowahitaji wakulima. Askari waliorudi ndio waliokuwa nao ujuzi huo. Hata baadhi ya matrekta yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita vilivyobaki. Mtu aliyetoka vitani moja kwa moja kuingia kwenye trekta, kuna uwezekano mkubwa aliushika usukani kwanza jeshini. Huenda babu yako alikuwa mmoja wa madereva wa yale malori ya bonde la Kabaw, yaliyochorwa faru ubavuni. Sikuambii ndivyo ilivyokuwa. Nakuambia hapo ndipo pa kuchimbua, na kwamba ikiwa ndivyo, hana upungufu wowote mbele ya mwenye bunduki. Bila lori, batalioni ya mbele ilikuwa na siku chache tu za kuishi.

Hebu kiangalie tena hicho kitambaa, mchana, karibu na dirisha. Vile vifungo vya kubonyeza ni ushahidi mzuri. Sare za nchi za joto zilifuliwa kwa nguvu, hata kuchemshwa, hivyo alama ilibanduliwa kwanza isiharibike, na msituni ilibanduliwa pia ili adui asijue anapambana na nani. Kishike kama kinavyosomeka, kisha tazama faru ameelekea wapi. Alama nyingi za wanyama zilitengenezwa jozi ili mnyama atazame mbele anakokwenda mvaaji. Akitazama kushoto kwako, basi huenda hiki kilikaa mkono wa kushoto, na mwenzake wa kulia alikuwapo. Pekua pindo za makoti ya zamani na mifuko. Umbo la kichwa likitofautiana kidogo na picha utakazoona kwingine, usishtuke: nyingi zilitariziwa na mafundi wa mitaani India na Ceylon, kila fundi kwa mkono wake.

Ukitaka kuhakikisha si cha juzi, nenda kwa wakala wa fedha mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, mwombe akimulike gizani. Nyuzi nyingi za siku hizi hung'aa. Pamba ya miaka ya 1940 hubaki imetulia. Angalizo ni moja: kama kiliwahi kufuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa, kitang'aa hata kikiwa cha kweli, kwa sababu sabuni hizo huacha dawa ya kung'arisha ndani ya nyuzi.

Na usikifue. Usikipige pasi. Tafadhali sana usikipeleke kwenye duka la stationery wakakuwekea lamination, jambo ambalo watu hulifanya kwa nia njema; ule moto unaunganisha plastiki na nyuzi na hapo hapana kurudi nyuma. Nunua kipande cha marekani kisichotiwa rangi, kifue bila sabuni ya manukato, kikauke vizuri, ufungie humo. Weka kwenye boksi la karatasi, mbali na jua na mbali na jiko. Ukame wa kwetu unasaidia dhidi ya ukungu, ila nondo na vumbi la Dodoma havina huruma, kwa hiyo kifungue na kukikagua kila baada ya miezi michache. Nyota usiisugue kwa limau wala majivu ili ing'ae. Weusi uliopo unailinda.

Umeuliza kuhusu JWTZ. Haikuirithi, na sababu zipo mbili. Faru alikuwa wa divisheni, na divisheni ilivunjwa baada ya vita. Kilichobaki nchini ni Batalioni ya 6 ya Keya, ambayo siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, iligeuka kuwa Tanganyika Rifles. Jeshi hilo likaasi Januari 1964, likavunjwa, na JWTZ ikaundwa upya tarehe 1 Septemba 1964 kwa msingi mwingine kabisa. Ukitaka kuona jinsi alama zilivyogeuzwa kwa makusudi, tazama kambi ile ya Dar es Salaam ulikoanzia uasi. Iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya mapigano ya Ethiopia ya Mei 1941 ambapo Sajini Nigel Leakey wa Batalioni ya 6 aliuawa na kupewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Leo inaitwa Lugalo, mahali pale Uhehe ambapo watu wa Mkwawa walilivunja jeshi la Mjerumani la Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Kambi ile ile, na askari wapya wakapewa ushindi wa kwao wa kuukumbuka.

Kwa kuwa umeniuliza ufanye nini nayo, usikishone kwenye koti ukatembea nacho mjini, hata kwa heshima ya babu. Sheria zetu ni kali kwa raia anayevaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na askari wa doria hatakuwa na muda wa kusikia habari za Burma.

Kilichobaki ni namba. Kila askari wa Keya alikuwa na namba yake, na iliandikwa kwenye cheti cha kuachishwa jeshi. Tafuta chini ya gazeti lililotandikwa sakafuni mwa sanduku, ndani ya Biblia, nyuma ya picha za fremu. Ukipata karatasi yoyote, ipige picha pande zote mbili kabla hujaikunjua kwa nguvu. Shajara za vita za vikosi vilivyokuwa Burma zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, kwenye mfululizo wa WO 172, na batalioni za Keya zimo. Hazitaji kila askari kwa jina, ila zitakuonyesha siku kwa siku kikosi chake kilikuwa wapi. Kama katika ukoo kuna ndugu aliyekwenda asirudi, jina lake litafutwe kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayopatikana bure mtandaoni. Wengi wasio na kaburi linalojulikana wamechongwa kwenye mnara ulio kwenye makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, pamoja na majina mengine karibu 27,000. Jaribu tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia.

Wakati huo huo kaa na shangazi, na mzee mwingine yeyote aliyemjua babu, ukiwa umewasha kinasa sauti cha simu. Usiulize tu kwamba alikuwa vitani lini. Muulize kama babu aliwahi kutaja vidonge vya manjano. Kama alisema alipanda meli Mombasa, na kama kuna meli iliyozama wakati wao. Kama alizungumzia daraja refu, au kusukuma magari kwenye matope, au Ceylon. Muulize pia Kongwa aliendesha mashine gani, na nani alimfundisha. Majibu hayo, pamoja na picha ya kitambaa mbele na nyuma, nitumie, tuone kama tunaweza kuchagua kati ya 26, 36 na wale madereva.